Mbuta wa Moshi, na Nani wa Kuchagua Divai

Hapa ni Rongai ya Nakuru, si ile ya matatu zenye makelele. Mbuta wa moshi hutoka Ziwa Victoria. Ana mafuta mengi, ndiyo maana haanikwi tu juani kama omena. Mafuta na moshi vinataka divai nyeupe, kavu, yenye uchachu kama wa ndimu. Nyekundu nzito huacha ladha ya chuma mdomoni.

Lakini ni nani hapa aliyekuwa na nafasi ya kuchagua? Reli ya kwenda Eldoret ilipita Rongai miaka ya 1920, katikati ya mashamba ya walowezi. Mlowezi alikuwa na chupa yake mezani. Kwa miaka mingi mfanyakazi wake hakuruhusiwa kisheria kununua pombe za Kizungu, na muratina, ambayo ukifikiria vizuri ni divai ya asali, ikawa ya kunywa kwa kibali ama kwa kujificha. Sheria ya pombe za kienyeji ilikuja kufutwa 2010, kupitia ile tunayoiita sheria ya Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo. Ndiyo, huyo huyo aliyetuwekea masaa ya kunywa.

Naivasha hiyo hiyo ndiko kunakotoka divai ya Leleshwa. Jina ni la kichaka cha Bonde la Ufa ambacho watu wetu huchoma makaa. Sauvignon Blanc yao inamfaa mbuta. Ama tafuta muratina iliyokomaa, utamu umeshaisha. Mimi ningeanza na hiyo.