Kutoka pishi na frasila hadi kilo

Kwa karne nyingi, biashara ya pwani ya Afrika Mashariki iliendeshwa bila kilo wala mita. Nafaka ilipimwa kwa ujazo: vibaba vinne vilifanya pishi moja. Pembe za ndovu na karafuu za Zanzibar ziliuzwa kwa frasila, uzito wa takriban ratili 35, yaani karibu kilo 16. Urefu ulipimwa kwa mwili wa binadamu: shibiri mbili ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Vipimo hivyo vilikuwa na kasoro moja kubwa. Mkono wa muuzaji haukulingana na wa mnunuzi, na kibaba cha mji mmoja kiliweza kutofautiana na cha mji mwingine.

Ufaransa ilipitisha sheria ya vipimo vya metriki mwaka 1795. Tarehe 20 Mei 1875, nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris. Hata hivyo, utawala wa Waingereza ulieneza ratili, yadi, galoni na ekari katika Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kuhamia kwenye mita, kilo na lita.

Sheria ilibadilika, lakini masoko hayakuachana na desturi zake. Mashamba bado hutajwa kwa ekari. Mahindi hupimwa kwa debe, ambalo asili yake ni kopo la mafuta ya taa la galoni nne, takriban lita 18. Waislamu wengi nao huendelea kuhesabu zaka ya fitri kwa pishi.

Anayeumia zaidi ni mkulima. Katika mtindo wa lumbesa, gunia hujazwa hadi kufura na kushonewa kilemba juu, lakini hulipwa kwa bei ya gunia moja. Mnunuzi huyo huyo akifika mjini huuza kwa kilo, na ziada yote huwa faida yake. Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo hupambana na mtindo huo. Kenya nayo, kwa kanuni za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Pasipo mizani shambani, hata hivyo, kikomo hicho hubaki kwenye karatasi.