Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, Nairobi

Maktaba ya McMillan ni maktaba ya umma iliyoko Banda Street, katikati ya jiji la Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyeijenga, akisaidiwa na fedha za shirika la Carnegie. Mbele ina nguzo ndefu za mawe na sanamu za simba wawili. Tangu mwaka 1938 ina sheria yake yenyewe, jambo ambalo ni nadra kwa jengo lolote nchini Kenya.

Kwa zaidi ya miaka 25 walioruhusiwa kusoma humo ni Wazungu peke yao. Waafrika walioujenga mji kwa mikono yao, na Wahindi waliokuwa na maduka mitaa ya jirani, walipita nje tu. Mwaka 1958 ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1962 ikakabidhiwa baraza la jiji. Hapo ndipo ilipostahili kuitwa ya umma. Magazeti ya enzi ya ukoloni yaliyohifadhiwa humo leo yanasomwa na wajukuu wa wale waliozuiwa mlangoni.

Wengi wanaoingia hawafuati kitabu. Wanafunzi huja na madaftari yao kwa sababu nyumbani chumba ni kimoja, redio inalia na wadogo wanacheza. Wanaotafuta kazi hupekua matangazo magazetini. Katikati ya Nairobi ni shida kupata mahali pa kuketi bila kununua chochote, hivyo kiti, meza na utulivu ni huduma kamili, sawa na kuazimisha vitabu.

Maktaba hii ina matawi mawili Eastlands: Kaloleni na Makadara. Hayana nguzo wala simba, lakini kwa mkazi wa kawaida yana uzito zaidi kuliko jengo kuu, maana mtoto hufika kwa miguu bila nauli ya matatu.

Majengo yote matatu yalichakaa kwa kukosa matunzo. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, ambalo mwaka uliofuata liliingia ubia na Kaunti ya Nairobi ili kuyakarabati. Kazi ilianzia Kaloleni na Makadara, na huo ulikuwa uamuzi wa busara: waliosahaulika zaidi walihudumiwa kwanza.

Katiba ya mwaka 2010 imeziweka maktaba mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo vitabu vipya, mishahara ya wakutubi na ukarabati wa paa vitengewe fedha katika bajeti ya kaunti kila mwaka, visiachiwe wafadhili.