ls (amri)

ls ni amri ya kompyuta inayoorodhesha faili na saraka (folda) katika mifumo ya uendeshaji ya Unix na Linux. Ilikuwemo katika toleo la kwanza la Unix mwaka 1971. Katika Windows amri inayofanana nayo ni dir.

Ikiandikwa peke yake, ls huonyesha majina ya vitu vilivyomo katika saraka iliyofunguliwa. Ikiandikwa ls -l, huongeza ukubwa, mmiliki, ruhusa na tarehe ya badiliko la mwisho. ls -a huonyesha pia faili ambazo majina yake huanza na nukta, ambazo kwa kawaida hazionekani.

Amri hii haibadilishi wala kufuta kitu. Husaidia hasa kwa flashi iliyopata virusi, kwa mfano kwenye kompyuta za steshenari. Baadhi ya virusi vya Windows huficha folda, na mwenye flashi hudhani kazi zake zimefutika. Katika Linux, ls haijali alama ya kuficha ya Windows, hivyo huzionyesha. Inafaa kuitumia kabla ya kufomati flashi, maana kufomati kunaweza kupoteza kazi ambazo bado zimo.