Kivuko cha nyota

Mpwa wangu ni mpenzi wa Mass Effect, gemu ya BioWare ya Kanada iliyotoka mwaka 2007. Aliniuliza ile mitambo inayorusha vyombo kutoka nyota hadi nyota tuiiteje. Yeye huiita lango. Nikakaa naye mbele ya skrini. Chombo kinapita kando ya mikono miwili mirefu ya chuma; pete zinazunguka kiini cha buluu, mmweko unakidaka chombo, na mara kimetoweka. Hakikuingia popote! Lango huingiwa.

Jina la Kiingereza, "mass relay", lina maana ya kupokezana, kama wakimbiaji wa vijiti, lakini "kipokezi" tumeshakipa kazi nyingine.

Mimi nachagua kivuko. Neno hili hutaja mahali pa kuvukia na pia chombo kivushacho, kama wasemavyo kila siku watu wa Likoni na Kigamboni. Tena kivuko lazima kiwe na ng'ambo. Mitambo mikubwa ya gemu hii ndivyo ilivyo: kila mmoja una mwenzake mmoja tu, maelfu ya miaka ya nuru mbali. Midogo hukurusha kwenye mtambo wowote, ila masafa yake ni miaka ya nuru mia kadhaa tu. Basi tuseme kivuko kikuu na kivuko kidogo. Na ule waliougundua wanadamu, uliogubikwa barafu hata ukadhaniwa ni Charon, mwezi wa Pluto, ni Kivuko cha Charon.

Mpwa wangu sasa akifika hapo husema, "Mjomba, tuvuke."