Migomba ya Yangambi na Suala la Warithi wa Utafiti

Historia ya ushirikiano wa kisayansi katika kilimo cha Kongo haiwezi kuelezwa bila kuitaja Yangambi, kituo kilichoko ukingoni mwa mto Kongo, magharibi ya Kisangani. Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo iliyojulikana kama INEAC, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu cha utafiti. Lengo la kwanza lilikuwa mazao ya biashara, kama vile michikichi, kahawa na mpira. Hata hivyo migomba nayo ilikusanywa na kuchunguzwa. Miongoni mwa watafiti hao alikuwamo Edmond De Langhe, ambaye mwaka 1961 alichapisha uainishaji wa ndizi za kupika za Afrika ya ikweta.

Aina moja ya mgomba ilibeba jina la mahali hapo: Yangambi Km 5. Sifa yake kubwa ni kuhimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, ambao hupunguza mno mavuno ya aina nyingine.

Lakini elimu hiyo ilikuwa na kasoro. Vyeo vya utafiti vilishikwa na Wazungu, huku Wakongo wakifanya kazi za shambani, za ukarani na za usaidizi katika maabara. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, wahitimu wa vyuo vikuu nchini walikuwa wachache mno. Watafiti wa kigeni walipoondoka, hapakuwapo wa kushika nafasi zao. INEAC ilivunjwa mwaka 1962; INERA ikaundwa mwaka 1970, na mwaka 1973 Yangambi ikapata taasisi ya kufundisha wahandisi wa kilimo. Hivyo basi, miaka arobaini ilipita kati ya kuanzishwa kwa utafiti na kuanzishwa kwa mafunzo ya juu mahali hapohapo.

Mgomba wenyewe haukupotea. Tangu mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Leuven kinahifadhi mkusanyo wa kimataifa wa migomba, na Yangambi Km 5 imo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, miche iliyooteshwa katika chupa huko Leuven ilipelekwa Kagera, Tanzania, nayo aina hiyo ikawa mojawapo ya zilizogawiwa wakulima. Mgomba wa Kongo ulirudi Afrika kwa njia ya Ulaya.

Kivu inatoa mfano wa ushirikiano wa namna nyingine. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi. Ushauri wa awali ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake, kazi iliyowashinda wakulima wengi. Majaribio yaliyofanywa mashambani yalionyesha kwamba bakteria hawaenei katika machipukizi yote. Kukata mara kwa mara mti ulioonyesha dalili tu kunapunguza ugonjwa. Ugunduzi huo ulitokana na kufanya kazi pale pale penye shida, pamoja na wenye migomba.

Mgomba hufa baada ya kuzaa mkungu mmoja, na bustani hudumu kwa sababu ya machipukizi. Ndivyo ulivyo utafiti. Mradi hupimwa kwa mavuno yake, lakini zaidi hupimwa kwa vijana wanaobaki maabarani na mashambani fedha za wafadhili zinapokwisha.