Bao halikuwa shule ya demokrasia

Kila mjadala wa mila unapozuka vyuoni mwetu, hakosekani mtu wa kulisifu bao. Husema kwamba mchezo huu ulikuwa shule ya hekima na demokrasia ya wazee wetu, na kwamba simu za mkononi ndizo zilizoifunga shule hiyo. Mimi ni mwenyeji wa Machochwe, wilayani Serengeti, na bao ninalicheza na kulipenda. Hata hivyo siziafiki sifa hizo. Najua maoni yangu hayatapendwa barazani, lakini historia inayaunga mkono.

Kwanza, bao tunalolicheza leo si urithi usiobadilika wa kila kabila. Michezo ya mashimo na mbegu imeenea Afrika Mashariki yote: Wajaluo wana ajua, Wamaasai wana enkeshui, Waganda wana omweso. Lakini bao hili la mistari minne, lenye kete sitini na nne, lina msamiati wa Kiswahili: nyumba, kichwa, kimbi, kunamua, mtaji. Kete zake za asili huko pwani ni komwe, mbegu za mmea uotao ufukweni. Sisi wa bara hutumia hata kokoto. Mkurya anayenamua chini ya mti hatamki neno la Kikurya. Kwa hiyo harejei enzi za kabla ya ukoloni. Anashiriki utamaduni mpana wa Waswahili na wa taifa. Hilo si aibu hata kidogo, ila tusilifanye bao kuwa ushahidi wa jambo lisilolithibitisha.

Pili, ubingwa wa bao si hekima ya uongozi. Mtafiti Alexander de Voogt aliuchunguza ubingwa huo kwa mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akautolea tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden. Anayesoma kazi kama hiyo hukutana na kumbukumbu, hesabu ndefu za kichwani na mazoezi ya miaka mingi. Hizo ni akili za kuheshimiwa. Lakini mtu anaweza kuona mwisho wa mzunguko mrefu wa kete na bado asijue kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji. Mvi na ushindi wa bao havimpi mtu haki ya kusema kwa niaba ya wengine.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, tujiulize ni nani aliyegharamia muda wa bao. Mchezo unaomaliza alasiri nzima huhitaji mtu mwingine wa kupalilia, kuteka maji na kutafuta kuni. Katika vijiji vyetu mtu huyo alikuwa mwanamke, na mpaka leo kwa sehemu kubwa ni yeye. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Ni yeye pia aliyetetea, mwanzoni mwa miaka ya 1960, hoja kwamba demokrasia ya Kiafrika ilikuwa ya wazee kuketi na kuzungumza mpaka wakubaliane. Lakini mwaka 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, alikiri kwamba jamii ya jadi ilikuwa na kasoro mbili kubwa: umaskini, na hali duni ya wanawake waliobebeshwa kazi kuliko sehemu yao ya haki. Wanaolisifu baraza humnukuu Nyerere wa kwanza na kumsahau huyu wa pili.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu baraza la bao bado linaamua mambo. Kwa vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Serengeti, mipaka ya ardhi, malisho na mazao yanayoliwa na tembo ni mambo ya kufa na kupona. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi mtu mzima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Lakini hoja ikishapikwa chini ya mti, mkutano hugeuka mahali pa kupigia makofi tu.

Sisemi bao lipigwe marufuku. Nasema wasichana wafundishwe bao shuleni sawa na wavulana, na ofisa anayekuja kukusanya maoni asiishie barazani akadhani amekisikia kijiji. Wachezaji wenzangu wanaijua kanuni: mstari wako wa mbele ukibaki mtupu umeshindwa, hata kama wa nyuma umejaa kete. Kijiji kinachowaweka nusu ya watu wake nyuma kila penye uamuzi kisitarajie matokeo tofauti.