JEMBE LA BIBI LIMEKUWA PAMBO, LAKO LIMEENDA KWA KILO

Ukipita kwenye kurasa za mapambo ya nyumba siku hizi, huwezi kukosa vile vyuma vizito vya kale vya kubana vitabu visianguke. Vya simba, vya farasi, vya enzi za mababu wa Ulaya na Marekani. Watu wanavigombania balaa.

Sasa pale Mtendeni, Tabora, kuna dada mmoja, jina kapuni, hana simba wala farasi. Vitabu vyake vimebanwa na pasi ya mkaa upande huu, na upande wa pili jembe la kale la bibi yake. Wageni wakicheka anawaacha wamalize kwanza.

Maana lile jembe ndio lilikuwa pesa, wadau. Karne ya 19 wafua chuma wa kaskazini magharibi, Wasumbwa na Warongo, waliyeyusha mawe yenye chuma kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe yakaletwa Unyamwezi. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, wakati huo ikiitwa Kaze, misafara ilishachangamka kitambo. Kwa jembe ulinunua mbuzi. Wapagazi walibeba majembe kulipia hongo njiani Ugogo. Na kuoa je? Mahari ilihesabiwa kwa majembe hayohayo!

Kikageuka nini? Majembe ya kiwandani yakaingia kutoka Ulaya, bei chee. Mjerumani akaleta rupia na Heller, ndio hii hela tunayoililia mpaka leo. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, mizigo ikapanda treni. Matanuri yakazimika moja baada ya jingine.

Leo wanaopita mitaani ni wanunuzi wa chuma chakavu na mizani yao. Mzani unajua kilo tu, haujui kama hilo jembe ndilo lililomuoa bibi yako. Likishayeyushwa likawa nondo, hakuna wa kulirudisha.

Kwa hiyo kabla hujauza, litazame vizuri. La kiwandani lina tundu la kupitisha mpini. La kufuliwa kwa mkono lina umbo kama jani, alama za nyundo, na mkia mwembamba wa kuchomeka kwenye mpini. Ukilikuta usilipake rangi. Futa vumbi, pitisha mafuta kidogo, weka pakavu.

Halafu muulize bibi lilitoka wapi, angali yupo wa kujibu.